Ukiambiwa utajengewa titi kwa ngozi ya mtoaji: namna ya kuuliza, kuitunza na kushukuru

Nilijua miezi minne baada ya upasuaji. Nilikuwa nimeomba nakala ya faili langu kwa sababu nilikuwa naanza kutibiwa na daktari mwingine, na katikati ya karatasi za dawa ya usingizi nikakuta stika ndogo nyeupe. Ilikuwa na mistari myeusi ya kusomwa na mashine, namba ndefu, na maneno yaliyosema kwamba kipande kilichotumika kimetokana na ngozi ya binadamu aliyeitoa. Vipimo vilikuwapo pia: sentimita 8 kwa 16. Niliisoma mara tatu. Kisha nikaweka kiganja chini ya titi langu la kushoto, pale pagumu kidogo palipokuwa pakinishangaza tangu nyuzi zitoke, nikakaa hivyo kwa muda mrefu.

Hospitali ile haikuniambia. Huenda jambo lenyewe liliandikwa kwenye fomu niliyosaini alfajiri ya siku ya upasuaji huku nikitetemeka, lakini sikuisoma yote na hakuna aliyenisomea. Ngozi yenyewe naishukuru kila siku. Ukimya ule ndio ulioniuma, maana kuna mtu alikufa, na ndugu zake wakiwa katikati ya kilio wakakubali sehemu ya mwili wake initengeneze mimi, nami nikawa sina habari.

Kwa hiyo dada yangu, kama umeambiwa una saratani ya titi, titi litaondolewa lote, na daktari ametaja kulijenga upya, soma haya kabla hujasaini. Mimi ni mwalimu wa hesabu, si daktari. Niliyoandika hapa ni yale niliyopitia na yale niliyouliza mpaka nikaelewa.

Kwanza, ngozi hii inafanya kazi gani

Titi likiondolewa lote, kinachobaki ni ngozi nyembamba na, chini yake, msuli wa kifua. Daktari anaweza kukujenga kwa nyama yako mwenyewe, iliyochukuliwa tumboni au mgongoni, au kwa mfuko wa silikoni. Akitumia mfuko akauweka chini ya msuli, anakutana na tatizo: msuli ule hufunika sehemu ya juu ya mfuko tu. Sehemu ya chini hubaki imebebwa na ngozi peke yake, na ngozi iliyokwisha kupunguzwa hivyo huchoka. Mfuko unaweza kuteremka, kusogea kuelekea kwapani, au mikunjo yake ikaonekana kwa nje.

Hapo ndipo kipande cha mtoaji kinapohitajika. Ukingo wake mmoja hushonwa kwenye msuli, ukingo wa pili hushonwa kwenye ule mstari ambapo titi hukutana na kifua, na mfuko ukakaa ndani kama mtoto aliyefungwa mbeleko. Wapo madaktari wanaouweka mfuko juu ya msuli, na hao hutumia utando huo, yaani kipande hicho cha mtoaji, kuufunika mfuko kwa sehemu kubwa zaidi.

Usifikirie ngozi kama hii unayoiona mkononi mwako. Benki ya tishu, yaani kituo kinachopokea na kuandaa sehemu za mwili zilizotolewa, huondoa tabaka la juu, lile lenye rangi, kisha huosha tabaka la ndani mpaka seli za mtoaji zitoke. Kinachobaki ni wavu wa kolajeni, ile protini inayoipa ngozi nguvu, mweupe, usiofika hata unene wa sarafu mbili. Daktari wangu wa pili alikuwa na kipande cha kuonyeshea wagonjwa, akanipa nikishike nikiwa nimevaa glavu. Kilikuwa laini na kizito kidogo kwa ukubwa wake, kama karatasi nene iliyolowa. Nilipokivuta kilirefuka kidogo, nilipokiachia kikarudi. Hakikuwa na harufu. Nilitarajia kuogopa, lakini nilichofanya ni kukishika kwa mikono miwili, jinsi mtu anavyopokea kitu kutoka kwa mkubwa wake.

Kwa kuwa seli za mtoaji zimeondolewa, kinga ya mwili wako haikioni kama adui. Ndiyo sababu hulinganishwi kundi la damu na mtoaji, wala humezi dawa za kuzuia mwili usikikatae, kama wanavyomeza waliopewa figo. Wiki baada ya wiki, seli zako na mishipa yako midogo ya damu huingia kwenye ule wavu na kuufanya makazi. Kazi hiyo huchukua miezi. Ugumu ule niliousikia chini ya titi ulikuwa sehemu ya safari hiyo, na kadiri muda ulivyokwenda ulilainika.

Utando wa namna hii ulianza kutumika miaka ya 1990 kwa watu walioungua moto. Mwaka 2005 ikachapishwa taarifa ya madaktari walioutumia kushikilia mifuko ya matiti, na tangu hapo umeenea sana. Ngozi nayo si tishu pekee ya mtoaji inayowafaa wanawake wa saratani ya titi. Wapo madaktari wanaotumia kipande cha mshipa wa fahamu wa mtoaji, uliosafishwa seli vilevile, kuunganisha mishipa ya kifua iliyokatwa ili titi lililojengwa lipate hisia tena. Mimi sikufanyiwa hivyo, na upande wangu ule hadi leo nausikia kama mtu anayeguswa juu ya koti.

Mtoaji ni nani

Ni mtu aliyefariki. Tofauti na moyo au ini, ambavyo huhitaji hali maalumu sana za kifo hospitalini, ngozi inaweza kuchukuliwa baada ya moyo kusimama, kwa kawaida ndani ya saa 24 ikiwa mwili umehifadhiwa kwenye baridi. Huchukuliwa sehemu zinazofunikwa na nguo, hasa mgongoni na mapajani, kwa hiyo ndugu bado wanaweza kumuaga marehemu uso kwa uso. Ridhaa huwa aliitoa mwenyewe akiwa hai, au huombwa kwa familia. Kisha watu wa benki ya tishu huwauliza ndugu maswali mengi kuhusu maisha na magonjwa ya marehemu, na damu yake hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Mtoaji mmoja wa tishu, ukihesabu ngozi, mifupa, kano na vali za moyo, anaweza kuwafaa watu zaidi ya 75.

Nilipoelezwa kuhusu maswali hayo kwa ndugu nilinyamaza. Fikiria: maiti hata haijazikwa, simu inalia, na mtu mgeni anakuuliza kama mama yako aliwahi kuchanjwa chale au kusafiri nchi fulani. Na wewe unakaa unajibu, kwa ajili ya mwanamke usiyemjua.

Ya kuuliza kabla ya kusaini

Nenda na mtu. Mimi sasa naenda na wifi yangu, yeye anaandika na mimi nauliza, kwa sababu ukiwa na saratani masikio yako husikia neno moja kati ya kumi.

Swali la kwanza kabisa liwe jepesi: «Daktari, utaweka tishu yoyote ambayo si yangu?» Akisema ndiyo, uliza imetoka kwa binadamu au kwa mnyama. Hili lina uzito, kwa sababu tando nyingine hutengenezwa kwa ngozi ya nguruwe au ya ng'ombe, na nyingine ni wavu wa kiwandani usio na asili ya mwili wowote. Kama dini yako ina neno juu ya jambo hilo, mwulize kiongozi wako wa dini mapema, wiki kadhaa kabla, ukiwa na jibu la daktari mkononi. Usisubiri usiku wa kuamkia upasuaji.

Swali la pili: «Kwa mwili wangu mimi, kwa nini unauhitaji?» Si kila mwanamke anauhitaji. Mwenye ngozi nene ya kutosha au anayejengwa kwa nyama ya tumbo lake anaweza kumaliza safari bila utando wa mtu yeyote. Daktari mzuri atakueleza akichora. Wangu wa pili alichora nyuma ya karatasi ya maabara, na mchoro ule ninao mpaka leo.

La tatu ndilo gumu kulitamka, lakini litamke: «Kwa wagonjwa wako, matatizo gani yametokea, na wangapi walilazimika kutolewa mfuko?» Utando huu una faida na una hatari. Maji yanaweza kujikusanya ndani, kidonda kinaweza kuingia wadudu, na wakati mwingine mfuko wote hutolewa. Hatari huongezeka kwa anayevuta sigara, mwenye kisukari kisichodhibitiwa, mwenye uzito mkubwa, na aliyepigwa mionzi kifuani. Mwezi wa Machi 2021, FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilitoa tahadhari kwamba baadhi ya tando hizi zilionekana kuwa na matatizo makubwa zaidi kuliko nyingine, na ikakumbusha kwamba wakati huo haikuwa imeidhinisha hata mmoja mahususi kwa kujenga titi. Madaktari huutumia kwa uamuzi wao wa kitaalamu. Hilo halina maana uukatae. Lina maana una haki ya kuuliza utando wako ni wa aina gani na kwa nini ameuchagua huo.

Mwisho, omba nakala ya stika. Kila kipande kina namba yake, na namba hiyo hubaki kwenye faili lako ili kipande kiweze kufuatiliwa mpaka kilikotoka endapo kitagundulika na tatizo. Omba uandikiwe au upige picha. Bila namba ile, mimi nisingeweza kufanya nitakalolieleza mwishoni.

Wiki za kabla

Kama unavuta sigara, acha, wiki nne kabla au zaidi, na usirudie baada ya upasuaji. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na utando huu hauna damu yake mwenyewe: unategemea mishipa yako iingie. Kama una kisukari, kaa na daktari wako wa sukari kabla ya tarehe kupangwa. Orodhesha dawa zote unazotumia, pamoja na za mitishamba. Andaa mashati yenye vifungo mbele, kwa sababu kuinua mkono juu ya kichwa kutakuwa kazi.

Nyumbani: chupa, daftari na jicho lako

Utatoka hospitalini na mirija miwili hivi inayotoka ubavuni, kila mmoja umefungwa chupa ya plastiki laini inayobonyezwa ili ivute maji. Hapa ndipo utakapoitunza zawadi uliyopewa, na hapa nataka tukae kidogo. Maji yakibaki kati ya utando na ngozi yako, vinatenganishwa, na vikitenganishwa mishipa haiwezi kuvuka. Utando unahitaji kugusana na nyama yako, kimya, siku zote.

Wifi yangu alikuwa akinawa mikono kwa sabuni, anafungua kizibo, anamimina kwenye kikombe chenye mistari, anakiinua usawa wa macho na kusoma namba kwa sauti. Mimi naandika. Kisha anaibonyeza chupa mpaka itoe hewa yote na kuifunga ikiwa imebonyea, maana chupa iliyojaa hewa haivuti kitu. Nilitumia daftari la miraba la wanafunzi: tarehe, saa, chupa ya kushoto, chupa ya kulia, rangi. Siku ya kwanza jumla ilikuwa mililita 110, rangi ya damu. Siku ya tano 64, rangi ya waridi iliyofifia. Siku ya tisa 41, manjano kama chai isiyokolea. Daktari aliniambia mrija hutolewa ukileta chini ya mililita 30 kwa siku, siku mbili mfululizo. Wa kwanza ulitoka siku ya 12, wa pili siku ya 16. Nilikuwa nimechoka nao na nilimwomba sista autoe mapema. Akakataa, na alifanya vema. Hospitali yako inaweza kuwa na kiwango chake, kiulize na ukiandike juu ya ukurasa wa kwanza.

Usiinue kitu kizito kuliko birika la chai mpaka uruhusiwe. Fanya mazoezi ya bega kama ulivyoelekezwa, si zaidi. Usiweke chupa ya maji ya moto wala barafu kifuani: ngozi ile haisikii, utaungua na hutajua.

Na kila asubuhi jitazame kwenye kioo. Wapo wanawake ambao titi huwa jekundu pale tu utando ulipo, bila homa na bila maumivu, na madaktari wanajua kwamba wekundu huo unaweza kuwa si maambukizi. Lakini kuamua ni wa aina gani si kazi yako wala ya wifi yako. Ukiona wekundu, joto, uvimbe wa ghafla, maji yenye harufu, mshono unaofunguka, au homa ya nyuzi 38 na kuendelea, piga simu siku hiyohiyo. Mimi niliona wekundu wa ukubwa wa kiganja siku ya 20, usiku. Niliona aibu kumsumbua daktari nikasubiri hadi asubuhi. Ilikuwa si maambukizi, lakini daktari aliniambia kwa upole kwamba saa zile tisa zingeweza kunigharimu titi. Wewe usisubiri.

Kama umewekewa kwanza puto la kutanua ngozi, kama mimi, litajazwa maji ya chumvi kidogo kidogo kwa sindano, wiki hadi wiki, kabla ya kubadilishwa na mfuko wa kudumu. Kifua kitahisi kimebanwa siku moja mbili baada ya kila kujazwa. Maputo mengi yana sumaku ya kuonyesha mahali pa kuchomea sindano, kwa hiyo kabla ya kupigwa picha yoyote ya MRI, ile ya mashine ya sumaku, sema mapema kwamba unalo.

Kama nawe unataka kutoa

Watu wengi huniuliza kama mimi naweza kuwa mtoaji. Aliyewahi kuugua saratani ya titi kwa kawaida hakubaliwi kutoa ngozi. Konea, kile kioo cha mbele cha jicho, ni jambo jingine: haina mishipa ya damu, na benki nyingi za macho huipokea hata kutoka kwa waliougua saratani za namna hii. Nimewaambia watoto wangu wote wawili, mezani, mbele ya baba yao. Kama wewe na nduguzo mna afya, semeni mnalotaka sasa. Kadi ya mtoaji ni nzuri, lakini simu ile italia kwa ndugu, na ndugu asiyejua ulitaka nini atajibu hapana kwa kukuogopea.

Namna ya kuandika barua

Hakuna anayekulazimisha. Ukitaka, uliza hospitali au benki ya tishu inayoonekana kwenye stika kama wanapokea barua kwa familia za watoaji. Wanaopokea huisoma kwanza, huiuliza familia kama iko tayari, ndipo huituma. Usiandike jina la ukoo, mahali unapoishi, hospitali wala daktari. Unaweza kutaja kazi yako, familia yako, na jambo moja unaloweza kulifanya sasa. Anza kwa pole kabla ya shukrani. Usiandike kwamba kifo kile kilikuwa na makusudi, na usiwahubirie, maana hujui wanaabudu vipi wala wamefika wapi katika msiba wao. Wanaweza wasijibu kamwe.

Mimi niliandika rasimu sita. Ya kwanza ilikuwa kurasa nne, na ilinihusu mimi tupu. Iliyokwenda ilikuwa hii:

«Kwa familia ya aliyenipa. Poleni sana kwa kuondokewa na mpendwa wenu. Mimi ni mwalimu na mama wa watoto wawili. Niliugua saratani, titi likaondolewa, na ngozi ya ndugu yenu ndiyo iliyoshikilia titi nililojengewa. Nilichelewa kujua, naomba mniwie radhi. Mwezi wa tano baada ya upasuaji niliinua mkono wa kushoto nikaandika ubaoni, mstari wa juu kabisa, na wanafunzi wakapiga makofi. Sijui jina lake. Kila asubuhi nikioga, mkono ukipita pale, nasema asante kwa sauti.»

Niliituma siku ya Jumatatu pamoja na nakala ya namba. Stika yenyewe nimeibandika kwenye lile daftari la miraba, ukurasa unaofuata baada ya hesabu ya siku ya 16.